Jinsi Kipimo Kilivyojifunza Kusoma Kiswahili cha Kalerwe

Vijana wa ofisini wameniomba niandike habari za yale maboresho ya mwisho ya Kipimo, mashine yetu ya kuhesabu wasomaji. Karatasi iliyotoka pamoja na toleo jipya ina mistari mitatu tu, na mistari hiyo iliandikwa na Ivan, ambaye huandika kana kwamba herufi zitamwishia. Nilistaafu mwezi uliopita. Muda ninao, kiti kizuri cha barazani hapa Nsambya ninacho, na bado sijazoea kuamka bila mahali pa kwenda. Basi nitaandika. Ila sitaanza na Kipimo, kwa sababu mtu akikitazama leo ataona mistari ya rangi inapanda na kushuka, na ataamini kwamba kuhesabu wasomaji ni kazi ya kukaa kwenye kiti.

Nilizaliwa hapa hapa Nsambya, katika nyumba za polisi, mtoto wa koplo. Sisi ni Wanubi: ndani tulizungumza Kinubi, uani Kiswahili, dukani Kiganda, na shuleni Kiingereza kwa kuogopa fimbo. Sikujua kwamba jambo hilo lingekuja kuwa na faida. Nilipokwenda kuomba kazi katika kampuni yetu ya matangazo kule Nakasero, hawakuniuliza lugha. Waliniuliza kama najua kutumia mkasi.

Hawakuwa wakitania. Nilipelekwa kwenye chumba cha nyuma, chenye dirisha moja na meza ndefu iliyojaa magazeti ya siku hiyo, nikakabidhiwa kwa Bwana Opio. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Kazi yetu ilikuwa kusoma kila gazeti, kukata kila habari iliyomtaja mteja wetu, kuibandika kwenye karatasi kwa gundi, kisha kuipima urefu kwa rula na kuandika sentimita zake pembeni. Mwisho wa mwezi tulijumlisha sentimita, na mteja akafurahi au akanuna kulingana na jumla.

Siku yangu ya kwanza nilikata habari moja nzuri kabisa, pembe nne zimenyooka, nikampelekea kwa fahari. Bwana Opio akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na habari ya mteja mwingine, na mkasi wangu ulikuwa umeipasua katikati.

"Kanunue gazeti jingine," akasema, "kisha uniambie umejifunza nini."

Niliporudi nikamwambia, "Nimejifunza kugeuza ukurasa kabla ya kukata."

"Basi umekwisha kuanza kazi."

Kila Ijumaa alinichukua tukateremka hadi soko la Nakasero. Mwanzoni nilidhani anakwenda kununua nyanya. Alikuwa anakwenda kutazama magazeti yaliyofungia njugu. Aliomba karatasi kutoka kwa wauzaji, akaikunjua, akaitazama kama daktari anavyotazama ulimi. Hapa mtu alijaza chemsha bongo. Hapa kona imekunjwa ili ukurasa urudiwe. Hapa picha ya mchezaji mpira imekatwa ikaenda kubandikwa ukutani. Na hapa, kwenye habari ya mteja wetu ya sentimita arobaini, hakuna hata alama ya kidole.

"Rula inakwambia habari ilikuwa ndefu," alisema. "Haikwambii kama kuna aliyeifikisha mwisho."

Alistaafu kabla kompyuta hazijafika kwenye chumba kile. Miaka iliyofuata nilikaa na vipokea sauti masikioni nikisikiliza redio na kuandika kila mara jina la mteja lilipotajwa, mpaka nikawa naota matangazo ya sabuni. Kisha zikaja tovuti, kisha simu za kidole, na kazi yenyewe ikabadilika. Wateja wakaacha kutaka tupige kelele tu za "nunua, nunua". Walitaka tuandike mambo yanayomsaidia mtu: anayeuza cherehani tumsaidie kumfundisha fundi kutunza sindano, anayeuza mbegu amfundishe mkulima kupanda kwa nafasi. Msomaji akisaidika, atamkumbuka aliyemsaidia. Hiyo ndiyo kazi yenu sasa, na ni kazi ya heshima ikifanywa kwa heshima.

Ili kujua nani anasoma, mafundi wetu wenyewe wakatengeneza Kipimo. Nakiri nilikipenda tangu siku ya kwanza. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi na rula, kuona mstari unapanda huku chai yako bado ina mvuke ni raha ambayo ninyi mliozaliwa nayo hamwezi kuielewa. Kilionyesha nani amefungua ukurasa, amekaa dakika ngapi, amefika wapi, ameuliza swali gani kwenye kisanduku cha chini. Nilikiamini kiasi kwamba niliacha kwenda sokoni siku za Ijumaa. Nilijiambia soko limekuja mezani kwangu.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe.

Tulikuwa na mteja, Madam Prossy, anayeuza vifaranga, chakula cha kuku na chanjo, na maduka yake yanafika hadi mipakani. Tulimwandikia makala za ufugaji kwa Kiingereza, Kiganda na Kiswahili. Za Kiswahili ziliandikwa na Bahati, mwanamke aliyezaliwa Bukavu na kulea watoto wake hapa Kampala. Bahati alifuga kuku kabla ya kuandika juu yao, na ilionekana. Hakuandika "mfugaji anashauriwa kuzingatia usafi". Aliandika, "Ukiinama bandani na macho yakaanza kukuwasha, kuku wako wamekwisha kuwashwa zamani."

Lakini Kipimo kilisema sehemu yake inakaribia kukata roho. Miezi mitatu mfululizo mstari wa Kiswahili ulilala chini kama kamba iliyoanguka, na kisanduku chake cha maswali kilikuwa kitupu. Kazi ya kuandika ripoti ilikuwa yangu. Niliandika kwamba sehemu ya Kiswahili haina wasomaji na kwamba nashauri ifungwe. Nikatia sahihi. Madam Prossy akajibu siku hiyo hiyo kwamba amekubali, na kwamba mwisho wa mwezi tukutane kulimaliza jambo hilo.

Bahati aliisoma ripoti akiwa amesimama kwenye ujia, kisha akaja mezani kwangu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Hajati, hata wewe?"

"Sikuandika kwamba unaandika vibaya," nikamwambia. "Nimeandika kwamba hakuna anayesoma."

"Kwa mtu anayeandika, ni kitu kimoja." Akakaa. "Jumapili iliyopita, kanisani, mama mmoja amenishika mkono. Ameniambia ile makala ya ugonjwa wa mdondo imemfungua macho. Huyo mama, Kipimo kilimhesabu?"

"Mtu mmoja si wasomaji, Bahati."

Ilikuwa kweli, lakini nilisema kwa sauti ambayo nikiikumbuka bado nashika shavu. Akainuka akaenda zake. Swali lake likabaki mezani. Kipimo kilimhesabu? Nilitafuta. Hakikumhesabu, wala yeye wala mtu yeyote anayefanana naye.

Ijumaa ile nilipanda boda hadi soko la Kalerwe. Nilikuwa sijaenda sokoni kikazi kwa miaka, na viatu vyangu vilikuwa vya ofisini. Matope ya Kalerwe yalivipokea kwa furaha. Niliuliza njia hadi kwenye safu ya wauzaji wa chakula cha kuku. Mbele ya kibanda cha tatu walikuwa wamesimama watu sita au saba, kimya, kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari. Katikati yao alikaa mama mnene juu ya gunia la pumba. Simu yake aliiegemeza kwenye kopo, na alikuwa anasoma kwa sauti kubwa: "Ukiinama bandani na macho yakaanza kukuwasha..."

Nilisimama nje ya duara mpaka amalize. Alikuwa anaitwa Nnalongo, kama tunavyomwita kwa heshima kila mama aliyezaa pacha.

"Kalibu, Hajati," akaniambia. "Unataka ya kuku ya nyama ama ya mayai?"

"Nataka kujua unasoma nini."

"Hii? Ni ya yule mama wa kuku. Nasomea watu. Huyu ni Mukongo, huyu anatoka Busia, yule bwana yake ni mwanajeshi. Kiganda hawasikii. Kiingereza, mimi sisikii." Wote wakacheka. "Sasa tunapatana kwa Kiswahili."

"Unaifungua mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja. Nafungua asubuhi, naweka hapa. Mtu akikuja naanza tena kutoka juu. Mpaka jioni. Na wale wa mbali natumia wao picha."

Akanionyesha. Alikuwa anapiga picha skrini yake, ukurasa kipande kwa kipande, na kuituma kwenye kundi la wafugaji. Wenye kundi waliituma kwenye makundi mengine. Juu ya kila picha alikuwa ameandika namba kwa kidole: moja, mbili, tatu, ili watu wasichanganye. Mimi niliyefanya kazi ya kuhesabu maisha yangu yote nilisimama kwenye matope nikijaribu kujumlisha watu wa simu ile moja, na nikashindwa.

"Lakini hawa watu wa kuku hawana adabu," Nnalongo akaendelea, bila kujua anazungumza na nani. "Nimeuliza wao swali hapo chini mala nne. Hawajibu."

"Swali gani?"

Akateremsha ukurasa, akanipa simu nisome mwenyewe. Alikuwa ameandika: *Nimetia dawa ya mdondo kwa maji ya bomba vizuli lakini vifalanga bado inakufa. Kosa iko wapi?*

"Hata mimi niliuliza hilo," akasema yule mtu wa Busia, bwana wa makamo aliyevaa koti la mvua. "Nilichanja wote. Nilifuata karatasi ya ndani ya boksi neno kwa neno. Wakafa wote. Nilichimba shimo moja tu, mke wangu akanishikia tochi ya simu. Tangu siku hiyo hataki kusikia neno kuku."

Nilimrudishia Nnalongo simu yake na kumwambia mimi ni nani. Akanitazama kutoka kilemba hadi viatu.

"Basi wewe ndiye hujibu."

"Ndimi," nikasema. "Nipe siku chache."

Nilirudi Nakasero nikiwa na matope hadi kwenye pindo na nikaenda moja kwa moja kwa Ivan. Mnamjua Ivan: mkuu wa mafundi wa Kipimo, mtu wa Mbarara, mwenye akili kali na maneno machache. Nikamuuliza kwa nini maswali ya Kalerwe hayafiki.

"Hakuna maswali ya Kiswahili mwezi huu, Hajati. Umeona mwenyewe. Kisanduku ni kitupu."

"Nimeona swali kwa macho yangu, limeandikwa mara nne. Kipimo kikipata kitu kisichokielewa, hukiweka wapi?"

Akaigeukia kompyuta yake. "Kuna pipa."

"Lifungue."

Lilikuwa limejaa. Nilivuta kiti. Kipimo kilikuwa kimefundishwa Kiswahili cha kitabuni, na ukikiandikia *kifalanga* badala ya kifaranga, *kuhala* badala ya kuhara, *balidi* badala ya baridi, na katikati ukachomeka neno la Kiganda, kiliamua kwamba huo ni uchafu wa roboti. Hakikutupa swali peke yake. Kilitupa na ziara nzima ya aliyeuliza, kama mlinzi anayemfukuza mgeni pamoja na nyayo zake. Ivan hasomi Kiswahili vizuri, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti, nikitafsiri. *Kifalanga yangu inapinda shingo.* *Nimechanja juzi leo imekufa kumi.* *Maji ya bomba ni safi ama?* *Tafadhali jibu mama wa kuku.* Nilipofika kama la kumi aliacha kuandika kwenye kompyuta yake, akaweka mikono mapajani.

"Na ukurasa ukikaa wazi tangu asubuhi hadi jioni?" nikamuuliza.

"Hiyo nayo tunaiondoa. Hakuna binadamu anayefungua ukurasa mmoja siku nzima."

"Yupo. Anaitwa Nnalongo, na ana sauti kuliko redio yako."

Kabla ya kugusa mashine, tulimwita Bahati. Nilimweka kwenye kiti changu asome pipa lote. Alisoma polepole, akifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia kwa furaha ya kugundua ana wasomaji. Alipogeuka nikaona si hivyo.

"Ni maji ya bomba," akasema. "Yametiwa dawa ya kuua vijidudu. Chanjo hii ni kijidudu kilicho hai, kimedhoofishwa tu. Ukikitia kwenye maji hayo, kinakufa kabla kuku hajanywa. Hawa watu hawakuchanja, Hajati. Waliwanywesha kuku maji."

Karatasi ya ndani ya boksi ilisema "changanya na maji safi", basi. Na Kampala, mtu akiambiwa maji safi, atakwenda wapi kama si kwenye bomba? Walitii kila neno. Wenye maji ya mvua na ya kisima, ambao hawakujiona wasafi sana, kuku wao waliishi.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya kikao cha Madam Prossy. Nimefanya kazi na watu wengi, lakini sijawahi kuona chumba kikifanya kazi kama kile. Bahati alianza siku hiyo hiyo kujibu maswali ya pipa moja moja, kwa mkono, akimwomba kila mtu radhi kwa kuchelewa. Daktari wa mifugo wa Madam Prossy tulimpigia simu, akathibitisha kila alichosema Bahati, na akaongeza mambo ya kuweka chanjo kwenye ubaridi. Ivan akaanza kufundisha mashine yake upya.

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi: kwa Kipimo, *l* na *r* ziwe herufi moja. Asubuhi iliyofuata mashine ilituletea kwa fahari habari kwamba wafugaji wengi wa kuku wana wasiwasi kuhusu mahari. Nilicheka hadi nikakaa. Walikuwa wanauliza *mahali* pa kujenga banda. Ivan hakucheka, alikaa kitako na kunifanya nimwandikie kwenye daftari kila neno linalogeuka maana herufi hizo zikibadilishana, kisha akakifundisha Kipimo kutazama jirani za neno kabla ya kuamua. Palipo na banda na mbao, ni mahali. Palipo na shangazi, ni mahari. Nilijaza daftari mbili. Nilitumia Kiswahili cha uani kwetu, cha wake za askari na watoto wa reli, kile ambacho walimu walinipigia viboko ili nikiache. Sikuwahi kufikiri siku moja kitahitajika kama kifaa cha kazi.

Hali ya ukurasa uliokaa wazi Ivan aliitatua kwa siku mbili: ukurasa ukisogezwa kidogo kidogo, ukarudishwa juu, ukasogezwa tena, huo unasomwa, na unasomewa watu. Picha zilizotumwa ndizo zilizomshinda. Picha ikishatoka kwenye tovuti imetoka. Nikamchukua Kalerwe, akiwa amevaa viatu vyeupe.

Akaanza kwa kumwomba Nnalongo namba za simu za watu wote wa kundi lake, ili Kipimo kifuate picha zinakokwenda.

"Namba za watu?" Nnalongo akamuuliza. "Za nini, ssebo? Unaposha?"

Huko kwetu kuposha ni kupeleka posa, na watu wa kibanda walifurahi sana. Ivan alikuwa mwekundu kadiri mtu wa rangi yake anavyoweza kuwa. Nilimwambia pale pale kwamba namba hatuchukui. Tunahesabu usomaji, hatufuati watu majumbani mwao. Hilo nawausia na ninyi, kwa sababu mashine itawarahisishia kufanya kinyume.

Ivan alikuwa anatazama zile namba ambazo Nnalongo huandika kwa kidole juu ya picha.

"Mama, kwa nini unaandika hizi?"

"Ili mtu akiuliza, aseme nauliza ya tatu. Si hivyo nitajua vipi anasema ya gani?"

Ivan akaniangalia. Ndani ya wiki moja kila kipande cha kila makala kilikuwa na namba yake ndogo kwenye kona. Mfugaji wa mbali, akipata picha kutoka kwa mtu aliyeipata kwa mtu, akitaka kuuliza, anaandika namba ile na swali lake tu. Jina hatulijui. Tunajua kipande kimefika na kimeeleweka hadi wapi. Hayo ndiyo maboresho matatu ya karatasi ya Ivan, vijana wangu, na la tatu lilibuniwa na mama aliyekalia gunia la pumba.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wetu wa Nakasero. Madam Prossy alikuja na daktari wake wa mifugo na kalamu tayari mkononi. Nilisimama kabla ya kualikwa.

"Madam, ripoti niliyokuandikia si sahihi. Niliitia sahihi mimi, na leo naiondoa mimi."

Akaweka kalamu chini. "Hajati, mwanzoni mwa mwezi ulisema hakuna wasomaji. Leo utasema wako wengi. Mimi niamini ipi?"

"Usiamini ripoti yangu yoyote. Soma hizi."

Nilikuwa nimechapisha maswali ya pipa, vile vile yalivyoandikwa, bila kusahihisha herufi. Yeye ni mtu wa Kiganda, na alisoma kwa taabu kidogo mwanzoni, akisogeza midomo. Lakini Kiswahili kile kilikuwa karibu na ulimi wake kuliko changu cha ripoti, na alipoingia hakutoka. Alisoma kurasa tatu. Akampitishia daktari. Akaomba boksi la chanjo, akatoa ile karatasi ya ndani, akaisoma mstari ule wa maji safi, akaisoma tena.

"Ningefunga hii sehemu," akauliza, "ningejua lini?"

"Pengine usingejua," Bahati akamjibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku ile. "Wangeacha tu kufuga."

Madam Prossy akamgeukia Bahati, akamwita "nnyabo", yaani bibi kwa heshima, na kumuuliza inachukua siku ngapi kuandika karatasi mpya ya ndani ya boksi kwa lugha tatu, kwa maneno ambayo mtu hawezi kuyakosea. Bahati akasema anayo tayari kwenye mkoba. Alikuwa ameiandika tangu siku ile aliyosoma pipa.

*Usitumie maji yaliyotoka bombani sasa hivi. Tumia maji ya mvua au ya kisima, au chemsha maji ya bomba, uyaache yapoe kabisa.* Hivyo ndivyo inavyoanza. Ukinunua boksi leo, utaikuta.

Toleo jipya la Kipimo liliwashwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Ivan alibonyeza, akakunja mikono kifuani. Makala ya Bahati ya maji ilikuwa imetoka Ijumaa. Kwa dakika chache hakuna kilichotokea, na mtu mmoja akaanza kusema labda mtandao. Kisha mstari wa Kiswahili ukainuka. Uliupita wa Kiganda kabla chai haijaletwa. Uliupita wa Kiingereza nikiwa bado nashika kikombe. Watu wa idara nyingine wakaja wakajaa mlangoni. Bahati alivua viatu akapanda juu ya kiti chake ili aone vizuri, na hakuna aliyemwambia ashuke. Akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Nikamwinamia kama ninavyowainamia wakubwa zangu, na yeye akapokea kwa kuweka mkono kifuani. Tangu asubuhi ile hakuna ripoti iliyotoka ofisini kwetu bila mmoja wetu kwenda kwanza kusimama mahali ambapo watu wanasoma. Ni kanuni iliyoandikwa. Ivan ndiye aliyeiandika, kwa mstari mmoja.

Nilibaki miezi miwili zaidi. Siku yangu ya mwisho nilikuwa napanga vitu vyangu kwenye begi, Ivan akaja na kusimama pembeni akiwa na uso wa mtu mwenye tatizo.

"Hajati, Kipimo kimekwama tena. Kuna ujumbe kimeshindwa kuupanga. Kina sehemu ya maswali, ya malalamiko, na ya maagizo ya bidhaa. Huu kinaurudisha kila mara."

"Umeandikwa vibaya?"

"Hapana. Kinausoma vizuri."

Nikavaa miwani nikautazama. Ulikuwa wa mtu aliyeandika namba ya kipande cha makala ya maji, na chini yake: *Sina swali. Vifalanga yangu mpya yote iko hai. Mke amerudi bandani. Ambieni yule mama asante.*

"Si swali," Ivan akasema. "Si malalamiko. Hataki kununua kitu. Niuweke wapi?"

Tulipotengeneza Kipimo, sote, wenye akili kama tulivyokuwa, hakuna aliyewahi kufikiri msomaji anaweza kuandika jambo kama hilo. Nilimwambia afungue sehemu mpya. Akakaa kwenye kiti changu, akaandika jina lake kwa Kiswahili, *Shukrani*, akiniuliza kwanza kama ni *l* au *r*. Akauingiza ule ujumbe. Tukaona hesabu inabadilika kutoka sifuri kuwa moja. Nikafunga zipu ya begi, nikamwita Bahati aje asome, na alipofika kutoka meza ya mwisho zilikuwa zimeshafika nne.